Kamera ya Dhahabu ya Segerea

Mzee Audax alistaafu kazi ya masijala akiwa na afya njema kabisa, jambo lililompa mkewe wasiwasi.

Mkewe, Mwalimu Benedicta, alikuwa bado amebakiza miaka michache ya kufundisha shule ya msingi. Kila aliporudi nyumbani kwao Segerea alikuta kuna kitu kimepangwa upya. Leo vikombe vimepangwa kwa urefu, kesho vitunguu vimetenganishwa na vitunguu wenzao. Siku moja alimkuta mumewe bandani anawapa kuku majina, eti wasije wakachanganyika kwenye kumbukumbu. Mtu aliyeishi na mafaili maisha yake yote, ukimwachia nyumba atafanya nini kingine?

Kwa hiyo siku Audax aliporudi kutoka Temeke amebeba beseni la plastiki lililojaa kamera kuukuu, Benedicta hakugomba. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akamwonyesha meza ya uani.

Kamera zile zilikuwa za Mzee Mfaume, mpiga picha wa zamani wa kule Temeke. Enzi zake, mtu wa mtaa ule hakuoa, hakuhitimu wala hakuzaa mapacha bila kupita studio kwake na kusimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Simu za mkononi zilipoimaliza biashara, mbele ya studio pakafunguliwa kibanda cha miamala ya simu, na Mzee Mfaume akabaki amekaa kwenye kiti mlangoni, wapita njia wakimuuliza kama mhudumu yupo. Audax alikuwa amekwenda msibani mtaa wa pili, akapita pale kuomba maji ya kunywa, akaona kamera kubwa imewekwa chini kuzuia mlango usijifunge. Ilikuwa imefubaa, imeota kutu ya kijani kandokando ya ngozi yake. Audax akaifuta vumbi kwa kidole gumba. Pale kidole kilipopita pakatokea mng'ao mwembamba, kama jicho linalofumbuka.

Basi. Hapo ndipo moyo wake ulipokamatwa. Mzee Mfaume hakutaka fedha, alitaka redio, maana mlangoni pale palikuwa na upweke. Audax akamletea redio yake ya betri, akaondoka na beseni.

Akaanza na siki. Siki ikaisha. Akaenda Mabibo sokoni akarudi na mfuko wa ndimu. Ndimu na chumvi vikaitoa ile kutu ya kijani lakini vikaacha madoa. Akajaribu dawa ya meno, na kwa juma zima Benedicta akapiga mswaki kwa maji matupu, tena kwa kidole, kwa sababu miswaki yote ilikuwa uani imegeuka vifaa vya kazi. Mwishowe jirani yao mmoja, askari magereza, akamwazima kopo la braso, ile dawa nzito yenye harufu ya mafuta anayong'arishia bizimu ya mkanda wake. Audax alipaka tone moja kwenye kitambaa, akasugua kidogo, akafuta. Akaita, "Mama Jovin! Mama Jovin, njoo uone!"

Benedicta akatoka na mwiko mkononi. Kwenye paji la kamera, mahali palipokuwa na weusi wa masizi, herufi zilikuwa zimejitokeza, nyembamba, safi, zimechongwa na mkono wa mtu aliyekwisha kufa siku nyingi. Audax alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeota jino.

"Imependeza," Benedicta akasema, na alimaanisha. "Sasa inapiga picha?"

Audax akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama Biblia inafaa kufungia maandazi.

Habari ya kupiga picha haikumhusu. Mzee mmoja wa jirani alimletea mkanda wa harusi yake ya zamani, akamwomba amsafishie picha. Audax akamrudishia kwa heshima zote. "Mie sisafishi picha, ndugu yangu. Nasafisha kamera."

Kumbe hakuwa peke yake. Kwenye simu aligundua kuna watu wengine, kuanzia Segerea mpaka Kinyerezi, waliopatwa na homa ileile. Wakaunda kundi la watsapu, kundi likazaa kikao, kikao kikazaa katiba. Chama kikaitwa Umoja wa Watunza Kamera za Kale Segerea na Vitongoji Vyake. Mwenyekiti akawa Godlisten, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kinyerezi, kwa sababu viti vya mkutano vilikuwa vyake. Katibu akawa Bupe, binti wa benki, mwepesi wa kuandika na mwepesi zaidi wa kuzungumza. Audax akapewa cheo cha Mlezi. Waliobaki waligawana ujumbe, uratibu, uhamasishaji na nidhamu, hata chama kikawa na viongozi watupu bila mwanachama wa kawaida hata mmoja wa kumwongoza.

Katiba ilikuwa na kifungu kilichojadiliwa mpaka wali ukapoa: kamera ya mwanachama isitumike kupiga picha, isije ikachoka.

Kila kikao, watu waliweka kamera zao mezani na kusifiana mng'ao. Kwa muda mrefu za Audax ndizo zilizoongoza. Halafu Godlisten akatumia ujanja. Dukani kwake kulikuwa na mashine ya umeme ya kusugulia vyuma, akaifunga kitambaa laini, na kikao kilichofuata akafunua kamera iliyong'aa hata mjumbe wa nidhamu akavaa miwani ya jua.

"Mlezi," Godlisten akasema huku akicheka, "naona mng'ao wako umeanza kupata ukungu kidogo."

Audax akacheka pamoja na wengine. Alipofika nyumbani alishindwa kumaliza ndizi zake. Asubuhi akaitoa kamera ile kubwa, iliyokuwa inazuia mlango kule Temeke, akaanza kuisugua kwa hasira. Aliisugua mkewe alipoondoka kwenda shule, na mkewe aliporudi alimkuta bado anasugua, hajabadili hata upande aliokalia. Siku zikaenda hivyo. Kitambaa kikawa kinatoka na rangi ya kijivu isiyoisha, naye akadhani ni uchafu wa miaka. Kumbe alikuwa anaila ngozi ya nikeli. Mchana mmoja, kwenye kona ya juu ya kamera, pakatokea doa la njano.

Audax akaacha kusugua. Alijua kitu alichokuwa anakitazama. Kamera nyingi za namna ile mfuniko wake wa juu ni shaba iliyovishwa nikeli, na yeye alikuwa ameivua nguo hadharani. Akajaribu kulifunika doa kwa dawa ya meno, likazidi kucheka.

Ndipo uzoefu wake wa ofisini ulipomsaidia. Kosa likiwa mahali pamoja linaitwa uzembe. Likienea kote linaitwa utaratibu. Audax akachukua kopo la braso, akaendelea kusugua mpaka nikeli yote ikatoka, mpaka kamera nzima juu na pembeni ikawa ya njano, inawaka pale mezani jua la alasiri likiipiga.

Na hapo hapo Godlisten akaingia getini kuleta taarifa ya kikao.

Alisema hodi mara moja. Ya pili haikutoka. Alisimama kinywa wazi, mkono mmoja bado umeshika komeo.

"Mlezi," akanong'ona. "Hiyo ni dhahabu?"

Audax alikuwa na nafasi nzuri tu ya kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Lakini alikumbuka kile kicheko cha kikaoni, akakumbuka ndizi alizoziacha, akaifunika kamera kwa kitambaa taratibu kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Wewe unaonaje?" akasema.

Kesho yake Segerea ilikuwa na mtu mpya, naye ni Audax yuleyule. Muuza duka alimsalimia kwa kuinuka. Wazee waliokuwa wakicheza bao walimsogezea kiti chenye mgongo. Mjumbe wa mtaa alikuja kumhakikishia kwamba ulinzi shirikishi utapita mbele ya geti lake, na wakati anasema hivyo macho yake yalikuwa yanachungulia uani. Hata parokiani, wakati wa matangazo, padre aliwakumbusha waumini kwamba vipaji vyote hutoka kwa Mungu, akanyamaza kidogo, watu wakageuza shingo kuangalia benchi la Audax.

Benedicta alimsubiri mpaka walipobaki wawili sebuleni.

"Baba Jovin, ile ni shaba."

"Mie sijasema ni dhahabu."

"Wala hujasema ni shaba."

"Mtu hajaniuliza vizuri," Audax akasema, akainuka kwenda kuwaangalia kuku.

Huko mitaani mambo yakawa makubwa kuliko yeye. Wanachama wa Umoja walifikiri hivi: kama chini ya kamera ya Mlezi kulikuwa na dhahabu, chini ya zetu kutakosaje? Godlisten akawasha mashine yake akaanza kuchuna kamera moja baada ya nyingine. Waliokuwa hawana mashine walichukua msasa. Kamera za shaba zikatoka njano, wenyewe wakakumbatiana. Zile za alumini zikatoka hazina dhahabu wala sura, wenyewe wakasema hawajafika kwenye kina. Homa ikaruka mpaka kwa watu wasiokuwa na kamera. Kuna baba mmoja alisugua bomba la bafuni, akapata njano, akalifunga kwa kufuli. Familia yake ikawa inaoga kwa ndoo kwa majirani.

Bupe aliandika kwenye kundi: "Wanachama, hii ishu ni ya kihistoria. Tuandae maonyesho na mgeni rasmi." Wakampata Mheshimiwa Projestus. Huyu aliwahi kugombea udiwani akakosa, akagombea tena akakosa, lakini Uheshimiwa aliouvaa wakati wa kampeni ulikuwa umemkaa vizuri, hakuona sababu ya kuuvua.

Kabla ya maonyesho, bajaji ikasimama mbele ya geti la Audax, akashuka Mzee Mfaume. Kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawasawa, fimbo mkononi. Audax alipomwona kupitia dirishani, akajua mambo yamekwisha. Mwenye kamera amekuja, na atasema mbele ya mtaa mzima kwamba kitu kile kilikuwa kinazuia mlango wake.

Watu walikwisha kumzunguka mgeni. Mtu mmoja akauliza, "Mzee, ni kweli ile kamera ilikuwa yako?"

Mzee Mfaume akasimama. Akawatazama mmoja mmoja, bila haraka, kama anawapanga kwa ajili ya picha.

"Ilikuwa yangu," akasema. "Na mie ndiye niliyeivisha nikeli, kwa mkono wangu huu, wezi wasiijue. Wallahi nilijua siku moja atatokea mtu mwenye subira ya kuifunua."

Vigelegele vikapigwa. Mama mmoja akaibusu fimbo.

Audax akamvuta ndani, akafunga mlango. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mkeo hajambo?"

"Hatujambo. Mzee, wewe unajua kabisa ile ni shaba."

"Naijua nje ndani. Nimepigia picha nusu ya Temeke kwa kamera ile. Unaniuliza mie?"

"Sasa mbona umesema vile?"

Mzee Mfaume akaketi, akaiweka fimbo kati ya magoti. Tabasamu alilokuja nalo likampungua usoni. "Bwana Audax, tangu nifunge studio hakuna mtu aliyeniita fundi. Nakaa pale mlangoni naulizwa kama mtandao upo. Leo nimeshuka kwenye bajaji watu wakagombania kunishika mkono. Ulitaka niwaambie nini? Nyie wastaafu wa serikali mna kikokotoo cha pensheni cha kulalamikia. Sie wengine hatuna hata hicho."

Benedicta, aliyekuwa anaweka chai mezani, aliwatazama wote wawili kama anavyowatazama wanafunzi waliokutwa na majibu yanayofanana, akarudi jikoni.

Siku ya maonyesho, ukumbi wa sherehe wa Kinyerezi ulipambwa kwa vitambaa vya zambarau. Kamera zilipangwa kwenye meza ndefu, zote zimechunwa, nyingine njano, nyingine kijivu, nyingine hazieleweki. Katikati, juu ya mto wa satini ulioazimwa kwa mpambaji wa harusi, ilikaa kamera ya Audax. Mjumbe wa nidhamu alisimama pembeni yake na fimbo ya mwavuli. Risala ikasomwa, ndefu, yenye changamoto na mafanikio. Changamoto kubwa ilikuwa ukosefu wa ukumbi wa kudumu. Mafanikio yalikuwa hayo maonyesho yenyewe.

Mheshimiwa Projestus akasimama kujibu. Alisema sanaa ya upigaji picha ni uti wa mgongo. Hakusema wa nini. Halafu, watu wakiwa wanajiandaa kwa soda, akasema:

"Ombi langu ni moja tu. Naomba kamera hii ya dhahabu inipige picha."

Ukumbi ukashangilia. Meza kuu ikaangaliana. Bupe akainama kwa Godlisten. "Mwenyekiti, katiba."

"Katiba iliandikwa kwa ajili ya watu," Godlisten akajibu kwa hekima aliyoipata hapo hapo.

Ikaonekana kwamba katika Umoja wote wa Watunza Kamera hakuna aliyekuwa na filamu, wala anayejua inaingilia wapi. Lakini Mzee Mfaume, aliyekaa mstari wa mbele na ua kifuani, akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu akatoa mkanda mmoja mkongwe. Mikono yake ilikuwa mepesi ghafla. Akaifungua kamera mgongo, akaulaza mkanda, akavuta, akafunga, akazungusha kigurudumu cha juu. Kigurudumu kikazunguka kwa shida. Akakunja uso. Akampa Audax.

"Wewe ndiye mwenyewe sasa. Bonyeza."

Mheshimiwa akapanga tai. Viongozi wote wakajibana nyuma yake, na kwa kuwa wote walikuwa viongozi, viti vya Umoja vikabaki vitupu. Audax akaweka jicho kwenye kitundu. Ilikuwa mara ya kwanza. Aliona watu wadogo, wa mbali kidogo, wakimtazama kwa imani kubwa. Akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena, kwa nguvu. Kitufe kikazama kikabaki huko huko, kama mguu uliokwama kwenye tope. Mheshimiwa hakulegeza tabasamu, lakini mashavu yalianza kumtetemeka.

Mzee Mfaume akainuka, akaichukua kamera, akaitikisa sikioni. Akaifungua pale pale, mwanga ukaingia kwenye mkanda bila yeye kujali. Akapitisha ukucha kwenye mapazia ya shata, yale yanayofunguka kuingiza mwanga. Ukucha ukatoka na unga mweupe mgumu. Braso. Ilikuwa imepenya kila tundu, imekauka, imegandisha kila kilichotakiwa kutembea.

"Umeiua," akasema kwa sauti ndogo. Hakuwa mzee wa bajaji tena, wala hakukumbuka dhahabu. "Mama yangu nilimpiga picha kwa hii. Umeiua, Audax. Umeiua kwa usafi."

Maneno hayo yakampata Audax pale ambapo maneno ya mkewe yalikuwa hayajafika. Alimwona yule mzee anaipapasa kamera kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo. Akachukua maiki kwa Bupe.

"Ndugu zangu," akasema. "Mheshimiwa. Nataka kusema ukweli. Hii si dhahabu. Ni shaba. Nilisugua kupita kiasi nikatoa nikeli, nikaona aibu, mwenyekiti akaniuliza, nikaacha adhani hivyo. Hakuna dhahabu hapa, na kamera yenyewe nimeiharibu. Nawaomba radhi. Nakuomba radhi wewe, Mzee Mfaume."

Alisubiri miguno. Alisubiri hata soda kurushwa. Kwenye viti vya nyuma Benedicta alikuwa amesimama, mkoba kifuani, tayari kumpitia waondoke.

Godlisten akaitazama meza ile ndefu. Akatazama kamera zake mwenyewe alizozichuna kwa mashine mpaka majina yakafutika. Kisha akaanza kupiga makofi.

"Mmeona!" akapaza sauti. "Mmeona unyenyekevu wa Mlezi wetu?"

"Anaogopa wezi huyo!" mama mmoja akadakia, na ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko na vifijo.

"Jamani, ni shaba!" Audax akarudia.

"Na iwe shaba, baba!" wakamjibu wakikonyezana. "Tumeelewa, ni shaba!"

Mheshimiwa Projestus akamkumbatia. Akatangaza kwamba viongozi wa namna hii, wenye mali wasioringa, ndio wanaotakiwa, na kwamba yeye mwenyewe kwa unyenyekevu huohuo anafikiria kugombea tena. Kisha Bupe akasoma azimio la dharura: kwa usalama wa mzee na familia yake, kamera ya dhahabu itahifadhiwa na Umoja, dukani kwa Mwenyekiti, nyuma ya nondo. Audax akatazama inavyofungwa kwenye satini na kuondoka. Alitaka kuizuia na alitaka iende zake. Mzee Mfaume alikuwa amekwisha kutoka, ua lake limeachwa kwenye kiti.

Njiani kurudi Segerea, Benedicta alimshika mkono, kitu ambacho hakuzoea kukifanya barabarani.

"Umesema ukweli," akamwambia.

"Hawakuusikia."

"Mie nimeusikia."

Umoja haukukaa sana baada ya hapo. Wanachama wa Segerea walidai kamera ni ya Segerea kwa kuzaliwa, wa Kinyerezi wakadai ni ya Kinyerezi kwa ulinzi, na kundi la watsapu likagawanyika. Watu waliendelea kwenda dukani kwa Godlisten kujipiga picha kwa simu mbele ya nondo, na wengi walitoka na mfuko wa saruji. Mheshimiwa alipoulizia picha yake, Bupe alimjibu kwamba za dhahabu huchukua muda kusafishwa.

Audax alimpigia simu Mzee Mfaume, haikupokelewa. Akapiga tena siku nyingine. Mwishowe akachukua beseni lenye kamera zilizobaki, zile ndogo ambazo hakuwa amezigusa, akaenda nalo Temeke. Mzee alikuwa mlangoni. Aliitikia salamu bila kuinuka, na Audax akakaa chini kwenye kizingiti. Wateja wa kibanda wakawa wanamruka.

Baadaye sana Mzee Mfaume akanyoosha mkono kwenye beseni. Akachagua kamera moja chakavu kuliko zote, nyeusi kwa uchafu, kutu imeila kwenye pembe. Akazungusha kigurudumu chake, akabonyeza. Ikasikika sauti kavu, safi: tak.

"Hii hukuifikia," akasema.

"Sikuifikia."

"Usiifikie." Akaipuliza vumbi kwenye lenzi. "Umewahi kupiga picha, Bwana Audax, maisha yako yote?"

"Sijawahi, mzee."

Mzee Mfaume akatikisa kichwa taratibu, akavuta kiti chake nyuma ili Audax apite. "Ingia ndani."

Filamu za nyeusi na nyeupe zilipatikana kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo anayeuzia watalii. Audax akafundishwa kuhesabu mwanga kwa kuangalia kivuli, kushusha pumzi kabla ya kubonyeza, kumwacha mtu asahau kwamba anapigwa. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Mzee Mfaume alimgombeza kwa furaha kubwa, na wateja wa kibandani, waliposikia kelele, wakaanza kumwita fundi.

Alasiri moja Benedicta alikuwa uani anasahihisha madaftari, viatu amevivua, kalamu nyekundu mkononi. Audax akamnyemelea na ile kamera yake chafu. Tak. Benedicta akainua kichwa, akasema, "Hebu niache nifanye kazi," akaendelea.

Mkanda ulisafishwa gizani kwenye bafu la Mzee Mfaume, kisha picha ikachapwa humohumo, dirisha limezibwa kwa blanketi, wazee wawili wamebanana kwenye taa nyekundu, mmoja anatikisa dawa, mwingine anazuia mlango wajukuu wasiingie. Karatasi ililala kwenye trei ikiwa nyeupe tupu. Halafu polepole mkono ukatokea. Kalamu ikafuata, madaftari nayo, mguu mmoja juu ya mwenzake. Audax akainama karibu na trei. Alikuwa ameishi na mikono ile ujana wake wote na uzee wake, na ndiyo kwanza anaiona.

Juu ya mabega hapakuwa na kitu.

"Umemkata kichwa," Mzee Mfaume akasema.

"Nimemkata," Audax akakiri kwa huzuni.

"Si neno. Picha yangu ya kwanza ya harusi nilimwacha nje bwana harusi mzima."

Nyumbani, Benedicta aliishika picha kwa ncha za vidole, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Akaiangalia kwa muda mrefu kuliko Audax alivyotegemea. Akafungua kabati la vyombo, akaisimamisha mbele ya sahani za wageni.

"Na kichwa," akauliza, "unakipiga lini?"

"Jumamosi," Audax akasema. "Mungu akipenda."

"Basi nitasuka Ijumaa."